Kiraka kimoja, tatizo moja

Huku Butembo mtu akisema «kitabu imepotea», tunaelewana. Katika programu huria ya Kiswahili sanifu, ujumbe «%s imefutwa» una kosa: alama %s hupokea jina lolote, hata kitabu, ambacho chataka «kimefutwa». Sisi wanafunzi wa lugha twaweza kutuma kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo. Nashauri tufuate kanuni za mradi wa Linux. Kiraka kimoja kishughulikie tatizo moja. Tueleze kwanza tatizo, kisha badiliko na sababu yake. Kichwa kiamrishe: «Patanisha kitenzi na jina», si «Nimepatanisha». Mhakiki asiyejua ngeli hutegemea maelezo yetu. Yakikosekana, kiraka hurudishwa na kosa hubaki kwenye skrini.