Mrithi au Mwigaji?

Mtu akitoa kazi mpya yenye harufu ya kale, watu hugawanyika. Hawa husema, "Ameiba"; wale husema, "Amerithi." Sisi tutungao mashairi twalijua sana jambo hili, maana vina na mizani si mali yetu, tumevikuta. Leo napenda tulichunguze swali hilo kwa mfano wa santuri ya muziki wa roki, iitwayo "Is This It," ya bendi ya The Strokes wa New York, Marekani. Ilitolewa mwaka 2001.

Kwanza, santuri yenyewe. Vijana hao ni watano, na mwimbaji wao ni Julian Casablancas. Nyimbo ni 11, na zote pamoja hazifiki dakika 40. Wakati ule studio nyingi zilizoea kusafisha na kupamba sauti kwa mitambo. Wao pamoja na fundi wao, Gordon Raphael, walitaka kinyume chake: bendi isikike kama ipigavyo mbele ya watu. Sauti ya Casablancas ilipitishwa katika kipaza sauti kidogo cha mazoezi, hata ikakwaruza kama ya mtu aongeaye kwa simu.

Pili, wahakiki. Walio wengi waliisifu, hasa Uingereza, ambako gazeti la NME liliwashangilia hata kabla santuri haijatoka. Lakini mashtaka mawili yalizuka. La kwanza: hapa hapana jipya, kwani haya yalikwisha pigwa mji ule ule na The Velvet Underground miaka ya 1960, na Television miaka ya 1970. La pili: hawa ni wana wa wakubwa waliojivika makoti makuukuu. Ni kweli kwamba baba yake Casablancas alianzisha shirika mashuhuri la wanamitindo, na baba yake Albert Hammond Jr., mpiga gitaa, ni mtunzi maarufu wa nyimbo.

Tatu, wasikilizaji. Uingereza santuri ilipanda hadi nafasi ya 2. Marekani, kwao wenyewe, ilifika ya 33 tu. Huko CD ilicheleweshwa hadi Oktoba 2001. Wimbo mmoja uliowadhihaki polisi wa New York uliondolewa, kwa kuwa polisi wengi walikuwa wamekufa katika msiba wa Septemba 11.

Basi tuyapime mashtaka. Lile la pili ni jepesi: baba hapigi gitaa la mwanawe, na kulaumu ukoo wa mtu si kuhakiki wimbo wake. La kwanza lina uzito, kwa maana kufanana kupo, na kila mwenye masikio hukusikia. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 2003 walitoa santuri ya pili, "Room on Fire," na wahakiki wengine wakanung'unika kwamba yafanana mno na ile ya kwanza. Walioshtakiwa kuwaiga wazee sasa wakashtakiwa kujiiga wenyewe! Je, mtu asiye na sauti yake aweza kujiiga? Lawama hiyo ya pili yaijibu ile ya kwanza.

Tena, mwigaji hana watoto, bali mrithi hurithiwa. Vijana wengi wa Uingereza walishika magitaa kwa kuwasikia hao, miongoni mwao Alex Turner wa Arctic Monkeys, aliyewataja katika wimbo wake wa mwaka 2018. Na mwaka 2009 NME iliiweka "Is This It" mbele ya santuri zote za miaka kumi iliyopita, na Rolling Stone ikaipa nafasi ya 2.

Kwa hiyo, siku mwenzetu atakaposimama kusoma shairi lake, tusikimbilie kupiga kelele, "Amenakili!" Tujiulize kwanza: Amechukua nini? Ameongeza nini? Na tukilisikia tena kesho bila jina lake, tutamtambua?