Kisukari Kinapoanza Kugusa Retina

Nyuma kabisa ndani ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Unene wake haufiki nusu milimita, nao ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za umeme zinazopelekwa kwenye ubongo. Kazi hiyo haina mapumziko, hata gizani, kwa hiyo retina hutumia oksijeni nyingi mno kwa kiungo kidogo kama hicho.

Oksijeni hiyo huletwa na damu. Tabaka za ndani za retina hulishwa na kapilari, yaani mishipa midogo kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita humo moja moja. Ukuta wa kapilari una aina mbili za seli. Upande wa ndani, unaogusana na damu, kuna seli bapa zilizoshikamana barabara ili maji na mafuta ya damu yasipenye ovyo. Upande wa nje kuna perisaiti, seli zenye vikono vinavyouzunguka mshipa na kuushikilia. Retina ina perisaiti nyingi kuliko sehemu nyingi za mwili: karibu kila seli ya ndani ina mwenzake wa nje.

Sasa tuje kwenye sukari. Seli za misuli huhitaji insulini ili zipokee glukosi ya kutosha. Seli za mishipa ya retina haziisubiri insulini. Glukosi ikizidi katika damu, huzidi na ndani yake, nazo haziwezi kuizuia ipasavyo. Ziada hiyo huvuruga shughuli za seli, huzalisha kemikali zenye kudhuru, na utando unaotegemeza ukuta wa mshipa huongezeka unene. Miaka ikipita, perisaiti huanza kufa. Mwaka 1961, Cogan, Toussaint na Kuwabara walichapisha uchunguzi wa retina za marehemu waliokuwa na kisukari. Retina hizo zilisafishwa kwa kimeng'enya cha tripsini mpaka ikabaki mishipa mitupu. Chini ya hadubini, pale perisaiti zilipokuwa, mara nyingi palibaki alama hafifu tu.

Mshipa uliopoteza perisaiti hulegea, na mahali hapo ukuta huvimba, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotuna palipochakaa. Vivimbe hivyo ndivyo dalili ya kwanza ambayo daktari wa macho huiona: nukta nyekundu, nyingi zisizofika hata sehemu ya kumi ya milimita. Baadhi hupasuka na kuvujisha damu kidogo. Nyingine huvujisha maji. Maji yakishanyonywa, mafuta yaliyokuwamo hubaki kama madoa ya manjano.

Hapa msomaji atue kidogo. Mgonjwa mwenye nukta hizi anaweza kusoma ubao wa herufi hadi mstari wa mwisho. Retina haina neva za maumivu, kwa hiyo haimuumi. Tena, nukta nyingi hutokea nje ya makula, eneo dogo la katikati tunalotumia kusoma na kutambua sura. Na kitovu chenyewe cha makula hakina kapilari. Kuona vizuri, basi, si ushahidi kwamba retina ni nzima. Ushahidi hupatikana kwa kuitazama: mgonjwa hutiwa matone ya kupanua mboni, husubiri, kisha retina huchunguzwa kwa taa na lenzi au hupigwa picha. Kwa saa kadhaa baadaye mwanga humkera na maandishi ya karibu humchanganya, na ni vyema aambiwe mapema ili asiogope.

Hatua hii ya mwanzo ndiyo inayostahili juhudi zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliochapishwa 1993, ulihusu watu wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kwa wale ambao retina zao hazikuwa na dalili, kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza hatari ya tatizo kuanza kwa asilimia 76. Faida hiyo haikuonekana mara moja, ilichukua miaka.

Mwenye kisukari cha aina ya pili hupimwa retina mara tu anapogunduliwa, kwani huenda sukari ilikuwa juu kwa miaka bila yeye kujua. Wa aina ya kwanza, ambaye ugonjwa kwa kawaida humjia kwa dalili kali, huanza kupimwa ndani ya miaka 5. Mwenye kisukari anayepata mimba huchunguzwa tangu miezi ya mwanzo, kwa sababu ujauzito unaweza kuyaharakisha mabadiliko haya.