Kuondoa Maji Yaliyotuama Katika Ua Wenye Mteremko
Mwongozo kwa kaya za Shiling, Wilaya ya Huadu, Guangzhou

Mvua kubwa za Guangzhou hunyesha kuanzia Aprili hadi Septemba. Nyumba iliyojengwa mteremkoni hupokea maji ya namna mbili: yale yaangukayo juu ya paa na ua wake, na yale yashukayo kutoka upande wa juu. Yasipopata njia, hutuama nyuma ya nyumba, hulowesha kuta na kuleta ukungu, na mtaro ulioziba hugeuka mazalio ya mbu.

Hatari kwa afya

Homa ya dengi, ambayo Watanzania huiita kidingapopo, huenezwa Guangzhou na mbu mweusi mwenye mistari myeupe, aumaye mchana. Wakati wa joto, yai lake huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Mwaka 2014 Jimbo la Guangdong liliandikisha wagonjwa zaidi ya 45,000, wengi wao wakiwa Guangzhou. Mwaka huohuo Dar es Salaam nayo ilipatwa na mlipuko wa ugonjwa huu. Kwa hiyo maji yoyote yasikae uani hata wiki moja.

Hatua ya kwanza: kutafuta chanzo

Kosa la kawaida ni kuchimba pale penye dimbwi. Dimbwi ni mwisho wa safari ya maji. Dawa yake mara nyingi iko juu zaidi. Mvua inaponyesha, mtu mzima aangalie maji yaingilia wapi na yapitia wapi, kisha aweke alama kwa vijiti.

Hatua ya pili: paa

Majani yaondolewe katika mifereji ya paa. Bomba literemshalo maji lisiishie ukutani, bali lirefushwe hadi mahali pa chini kuliko msingi.

Hatua ya tatu: mchirizi wa juu

Ardhi izungukayo nyumba yafaa ishuke kwa sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Upande wa mlimani jambo hilo huwa gumu. Hapo huchimbwa mchirizi mpana, wa kina kifupi, unaokata mteremko juu ya nyumba na kuyazungusha maji kando. Mchirizi ushuke walau sentimita 1 kwa kila mita. Uzi, vigingi viwili na pimamaji vyatosha kuupima.

Hatua ya nne: mtaro wa kokoto

Iwapo maji huchuruzika chini ya udongo, mchirizi pekee hautoshi. Huchimbwa mtaro, hutandikwa kitambaa cha kuchujia udongo, hulazwa bomba lenye matundu, kisha hujazwa kokoto. Mdomo wa bomba uwe wazi mahali pa chini. Bomba lisilo na mahali pa kutokea hugeuka tangi la maji.

Mipaka ya kuzingatia

Mpangaji apate idhini ya mwenye nyumba kabla ya kuchimba, na aulize mabomba ya gesi, maji na nyaya za umeme yamepita wapi. Maji yasielekezwe kwa jirani wa chini, wala maji ya mvua yasiunganishwe na bomba la maji machafu. Ukuta unaozuia udongo, ukiwa umepasuka au kuinama, usiguswe na mtu asiye fundi: watu wauepuke na mwenye nyumba ajulishwe mara moja. Msaada wa huduma za serikali ya mji hupatikana kwa simu 12345.

Kazi ya kila wiki

Siku moja katika juma, kaya izibue mitaro, imwage maji ya ndoo, matairi na visahani vya maua, na ifunike mapipa.

Homa ikitokea

Mwenye homa ya ghafla pamoja na maumivu ya kichwa, macho au viungo aende hospitali na aeleze kama ameumwa na mbu. Asimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa huzidisha hatari ya kutokwa damu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au kutokwa damu ni dalili za hatari. Hapo apigiwe simu 120 bila kungoja asubuhi.