Ndoto ya Asha na Ndoto ya Mfalme wa Misri

Baada ya darsa yetu hapa Mahoo, upande wa Taveta, kijana mmoja alituuliza: je, sinema hizi za kubuni za kisayansi, zenye kuonyesha zama zisizokuja bado, zina lolote la kumfaa Mwislamu, au ni upuuzi mtupu? Tumependa jawabu iwafikie na ninyi wa miji ya pwani, kwani sinema aliyoitaja ni habari ya maji, na sehemu ya maji ya Mombasa hutoka katika kaunti yetu hii, katika chemchemi za Mzima.

Sinema yenyewe yaitwa «Pumzi», aliyoitengeneza Mkenya Wanuri Kahiu mwaka 2009. Muda wake ni kama dakika 20. Yahadithia Afrika ya Mashariki miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wamejifungia ndani ya mji mmoja, na hata jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena. Asha, mtunzaji wa makumbusho, aletewa udongo na mtu asiyejulikana. Aupima, aona una maji. Naye aota mti wa kijani, na papo hapo mashine yamwamrisha ameze kidonge cha kuzuia ndoto. Aomba ruhusa ya kutoka nje kuutafuta mti ule, baraza lakataa.

Tusimame kwenye kidonge hiki, kwani kwa maoni yetu ndicho kiini cha sinema nzima. Mwajua katika Suratu Yusuf mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Wakuu wake walimwambia kuwa hayo ni mavurugano ya ndoto tu. Maneno yao na ya baraza la Asha ni mamoja. Walakini swali halikuishia hapo, jawabu ikatoka kwa mtu aliyekuwa gerezani, naye ni Nabii Yusuf (a.s.). Nchi ikaokoka na njaa kwa kuwa mkubwa wake alikubali kusumbuliwa na swali.

Na sisi je? Ni mara ngapi kijana huuliza msikitini akaambiwa nyamaza, wazee wetu hawakuuliza hivyo? Hicho nacho ni kidonge.

Wala asitokee mtu akayachukua maneno haya akaenda kuuza tafsiri za ndoto. Ndoto ya asiyekuwa Mtume haihalalishi kitu wala haikiharimishi. Nabii Yusuf alitoa na mpango wa kulima miaka saba na kuiacha nafaka katika mashuke yake. Na Asha naye aliupima udongo.

Penye mbegu ndipo tunapoachana na sinema hii. Mbegu yaitwa Maitu, yaani mama kwa Kikikuyu. Asha atoroka, avuka jangwa, apanda mche, aunywesha maji yake ya mwisho, kisha ajilaza kuufunika kwa kivuli cha mwili wake. Twaona mti ukistawi pale alipolala. Jina lake latokana na Aisha, maana yake mwenye kuishi, naye ndiye afaye! Hapo mti umefanywa mama mwokozi, na nafsi ya mtu kuwa fidia yake. Kwetu sisi mti ni kiumbe kama sisi, na mwenye kutoa uhai ni Mmoja. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Kiyama kikimfikia mtu naye ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande, wala hakuambiwa kuwa ataula. Katika hilo Asha ametenda vyema.

Mvua inyeshayo milima ya Chyulu huzama katika mawe yaliyotokana na volkano, ikapita chini kwa chini, ikatokea Mzima. Kutoka huko bomba huiteremsha hadi Mombasa. Aya ya mwisho ya Suratul-Mulk yauliza: maji yakididimia ardhini, ni nani atakayetuletea mengine yenye kububujika? Aya hiyo ndiyo darsa yetu ijayo, inshallah. Kijana yule ameahidi kuja na sinema yake, nasi tumemruhusu kuionyesha baada ya sala ya Isha.