KARATASI YA LABO INASEMA NINI JUU YA FIGO ZAKO?



Jiwe likikuangukia mguuni, unajua papo hapo. Vumbi likikuingia machoni, unatoka machozi. Lakini figo haipigi kelele. Inaweza kupoteza nusu ya nguvu zake, na mwenye figo bado anabeba gunia, anacheza mpira siku ya Mungu, anakula sombe yake vizuri. Siku anapoanza kuvimba uso na kuchoka bila sababu, uharibifu mkubwa umekwisha kufanyika.

Kinachoweza kutuonya mapema ni karatasi ya labo. Bahati mbaya, wengi wetu tunapewa karatasi hiyo, tunaikunja, tunaitia mfukoni, na swali letu ni moja tu: "Ni nzuri ao ni mbaya?" Leo tujifunze kuisoma.

Msifikiri kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa Ulaya. Utafiti uliofanywa Kinshasa juu ya watu wazima wapatao 500, na kutangazwa mwaka 2009, ulikuta dalili za ugonjwa wa figo kwa watu 12 hivi katika kila 100. Walio wengi kati yao hawakujua neno lolote.

FIGO NI KAMA MFEREJI WA KUOSHEA MADINI

Kila mtu wa Kalima na Kampene amekwisha kuona jinsi kasiterite inavyooshwa. Mchanga unatiwa katika mfereji, maji yanapita, matope yanakwenda na maji, na kasiterite, kwa sababu ni nzito, inabaki chini. Mfereji una kazi mbili: kuacha takataka ziende, na kuzuia mali isipotee.

Figo zako mbili ziko upande wa mgongo, chini ya mbavu, kila moja ukubwa wake kama ngumi. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo zinachuja karibu lita 180 za maji ya damu. Karibu yote yanarudishwa mwilini. Yanayotoka kama mkojo ni lita moja na nusu hivi.

Mfereji unaharibika kwa namna mbili. Ukiziba, takataka hazitoki. Ukitoboka, mali inakwenda na matope. Kwa hiyo kupima figo ni kuuliza maswali mawili:

1. Je, takataka zinabaki ndani ya damu? Anayejibu ni kreatinini.
2. Je, mali ya mwili inapotea katika mkojo? Anayejibu ni albumini.

Aliyeuliza swali moja tu amepima nusu ya kazi.

SWALI LA KWANZA: KREATININI

Kreatinini ni takataka inayotoka katika misuli ya mwili. Kila siku misuli inaitoa, na kila siku figo zinaitupa nje. Figo zikilegea, inajaa katika damu.

Kwanza tazama kipimo kilichoandikwa kando ya namba. Labo moja inaandika 1,2 mg/dl, nyingine 12 mg/l, nyingine 106 µmol/l. Usishtuke! Ni jambo moja lile lile, kama kilo moja na gramu 1000. Watu wamelia nyumbani kwa sababu kreatinini "imepanda toka 1,2 hata 12", kumbe ni labo tu iliyobadilika.

Pili, usilinganishe namba yako na ya jirani. Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 30, mwenye misuli ya kazi, ana kreatinini 1,2 mg/dl. Mama yake wa miaka 65 naye ana 1,2. Je, figo zao ni sawasawa? Hapana. Kijana ana misuli mingi, inatoa takataka nyingi, na figo zake zinaitupa bila shida. Mama ana misuli michache. Kama takataka yake imefikia kiasi kile kile, ni kwamba figo zake haziitupi vema.

Kwa sababu hiyo wanganga hawatosheki na kreatinini peke yake. Wanatia umri, na kama ni mume ao mke, katika hesabu, na wanapata namba nyingine inayoitwa DFG. Namba hiyo inaonyesha figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika moja. Kijana wetu anapata 83 hivi. Mama yake anapata 50 hivi. Tofauti ni kubwa, na kreatinini ni moja!

DFG inasomwa hivi:

90 na zaidi: figo zinachuja vizuri.
60 hata 89: zimepungua kidogo. Kama mkojo ni safi na hakuna dalili nyingine, hii peke yake haiitwi ugonjwa.
30 hata 59: zimepungua kweli. Hapa lazima mganga akufuate.
15 hata 29: zimepungua sana.
Chini ya 15: figo zimeshindwa kazi.

Kama karatasi yako ina kreatinini lakini haina DFG, mwombe mganga aihesabu. Si kumsumbua, ni haki yako. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilimwongezea mtu mweusi alama, karibu sehemu 16 katika 100, kana kwamba figo zetu ni za namna nyingine. Wachunguzi waliopima watu wa Kinshasa na Abidjan walionyesha mwaka 2019 kwamba nyongeza hiyo haitufai: inafanya figo zionekane nzima kuliko zilivyo. Hesabu mpya ya mwaka 2021 imeiondoa. Kama labo yako bado inaandika namba mbili, moja ya "mtu mweusi", mwulize mganga anafuata ipi.

SWALI LA PILI: ALBUMINI

Albumini ni protini ya damu. Ni mali, ni kasiterite yetu. Figo nzima inaizuia. Ikionekana katika mkojo, mfereji umetoboka mahali, hata kama kreatinini bado ni nzuri. Mara nyingi hii ndiyo dalili ya kwanza kabisa.

Kipimo chake cha kawaida ni kijiti cha karatasi kinachochovywa katika mkojo. Rangi ikibadilika, muuguzi anaandika alama + moja, mbili ao tatu. Kituo kidogo cha afya kinaweza kufanya hivyo. Labo kubwa inalinganisha albumini na kreatinini ya mkojo: chini ya 30 mg/g ni vizuri, 30 hata 300 ni onyo, zaidi ya 300 ni mvujo mkubwa.

Lakini angalia: kazi nzito sana, homa, ao damu ya mwezi kwa mwanamke, vinaweza kuleta alama ya + kwa muda tu. Kwa hiyo usitoke shimoni moja kwa moja kwenda kupima. Pumzika, lete mkojo wa kwanza wa asubuhi, na usile nyama nyingi usiku wa kabla ya kupima damu, maana nyama nayo inapandisha kreatinini.

KARATASI MOJA HAITOSHI

Hakuna mganga mwenye busara atakayekuambia "una ugonjwa wa figo wa siku nyingi" kwa karatasi moja tu. Lazima dalili iendelee miezi mitatu ao zaidi. Basi, tunza karatasi zako zote katika bahasha moja, kama unavyotunza karatasi za kazi. Kreatinini iliyokuwa 0,9 mwaka juzi, 1,1 mwaka jana na 1,3 leo inasema habari ambayo hakuna karatasi moja inaweza kuisema.

NANI APIME?

Kila mwenye tansio ya 140/90 ao zaidi. Kila mwenye ugonjwa wa sukari. Mwenye virusi vya ukimwi ao vya homa ya manjano ya ini. Mwenye ndugu aliyekufa kwa figo. Mama aliyepanda tansio wakati wa mimba. Na mfanyakazi aliyekula vumbi la mawe miaka mingi. Vumbi hilo haliharibu mapafu peke yake.

Hao wapime damu na mkojo kila mwaka. Na usingoje maumivu ya mgongo! Mgongo wa mchimbaji unauma kwa sababu ya koleo na gunia. Figo inayoanza kuharibika, mara nyingi haiumi.

VITU VINAVYOUA FIGO ZETU BURE

Vidonge vya mgongo. Hapa tunajidanganya sana. Mtu anatoka kazini, mgongo unawaka, ananunua diclofenac ao ibuprofen sokoni, anameza leo, kesho, mwezi mzima. Dawa hizo zinapunguza damu inayoingia katika figo. Kwa mtu aliyetoka jasho na hakunywa maji, hatari inazidi. Paracetamol, kwa kiasi kilichoandikwa, ni salama zaidi kwa figo. Mgongo usipopona, nenda kwa mganga.

Kiu. Anayefanya kazi katika joto anywe maji safi kidogo kidogo mchana wote, asingoje koo kukauka. Mkojo wenye rangi ya chai unaomba maji.

Zebaki. Wanaokamata dhahabu kwa zebaki wanajua moshi wake, lakini hawajui kwamba inaharibu figo pamoja na ubongo. Usiichome ndani ya nyumba, usiichome katika sufuria ya chakula, usiiache karibu na watoto wala mama mwenye mimba.

Dawa za kupiga bomba. Wazazi wengi wanampiga mtoto bomba la majani na mizizi kila anapokuwa na homa. Mizizi mingine ni sumu kwa figo, na hakuna anayejua kipimo chake.

Chumvi. Kwa siku moja mtu mzima asipite kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyomo ndani ya kibe na makayabo. Mama, loweka makayabo usiku mzima, ubadilishe maji mara mbili tatu. Samaki wa mtoni aliye mbichi ni bora.

KAMA KARATASI INAONYESHA UGONJWA

Usikate tamaa. Ugonjwa ukikutwa mapema, mara nyingi unaweza kupunguzwa mwendo kwa miaka mingi. Tansio ishushwe na ikae chini. Sukari ishikwe. Tumbako iachwe. Kuna dawa za tansio, kama enalapril na losartan, zinazofanya kazi mbili: zinashusha tansio na zinapunguza albumini inayovuja. Ni mganga anayezitoa, na anapima damu tena baada ya kuanza. Mwanamke mwenye mimba, ao anayetaka mimba, amwambie mganga mapema, maana hazimfai.

Usiache dawa kwa sababu "unajisikia vizuri". Tumekwisha kusema: figo haipigi kelele.

Tufikiri pia upande wa pili. Figo zikishindwa kabisa, damu inasafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, masaa manne kila mara, maisha yote, ao mpaka mtu apate figo ya mtu mwingine. Dispensari yetu haina mashine hiyo. Kutoka Pangi, njia ni ndefu, na feza ya safari na ya matibabu inamaliza jamaa nzima: shamba linauzwa, watoto wanatoka masomoni. Kijiti cha mkojo ni kitu kidogo sana mbele ya hasara hiyo.

USINGOJE KESHO

Nenda kwenye matibabu siku ile ile ukiona haya:

– mkojo umekatika ao umepungua sana;
– mkojo una damu, ao rangi nyeusi kama kahawa, zaidi sana wakati wa malaria;
– uso ao miguu imevimba;
– mtoto amevimba uso asubuhi, juma moja ao matatu baada ya kuumwa koo ao kuwa na vidonda vya ngozi.

Mkojo wenye povu jingi, siku kwa siku, nao upelekwe kupimwa juma hilo hilo.

Ndugu msomaji, wazee wetu waliofanya kazi kwa Symétain, kisha kwa SOMINKI toka mwaka 1976, walijua kwamba mfereji unakaguliwa kabla ya kumwaga mchanga, si baada ya mali kwenda mtoni. Fanya vile vile na figo zako. Safari ijayo ukipewa karatasi ya labo, usiikunje. Ifungue mbele ya mganga, weka kidole juu ya namba, na uulize: "DFG yangu ni ngapi? Na mkojo wangu una albumini?"

Nyumbani, mama, uliza maswali hayo hayo kwa bwana. Kama hajui jibu, bado hajapima.