Mwandishi, Kazi Zako Zinakaa Wapi?

Wadau, ukiomba kazi ya kuandika siku hizi, kabla ya cheti utaulizwa, "Kazi zako ziko wapi tuzione?" Ukimtumia mtu mafaili saba kwa WhatsApp, unampa kazi ya kupekua, na wengi hawapekui. Ndiyo maana unahitaji potifolio ya mtandaoni: ukurasa unaoonyesha wewe ni nani, umeandika nini na unapatikanaje. Swali ni uiweke wapi.

Mimi ni mtoto wa Karatu, kwa hiyo mfano wangu ni wa nyumbani. Watalii kibao wanaokwenda kreta ya Ngorongoro hupita mjini kwetu kabla ya geti la Loduare. Kuna loji, kambi na kampuni za utalii, na zote zinahitaji maneno: ratiba za safari, vipeperushi, kurasa za tovuti. Sisi tuliokulia pale tuna la kuandika, ila mteja hatujui. Kabla ya kuchagua pa kujionyesha, jiulize maswali manne.

Kwanza, nani atasoma? Kama umeshachapisha magazetini, Clippings.me na Journo Portfolio zimetengenezwa kwa ajili ya waandishi. Unapanga makala zako kwa viungo tu. Kama hujachapishwa popote, Google Sites au WordPress.com zinakupa nafasi ya kuweka maandishi yenyewe.

Pili, utailipiaje mwakani? Jina lako mwenyewe la tovuti linapendeza, lakini hulipiwa tena na tena. Bumu likichelewa na ukashindwa kulipa, jina linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Anza na mpango wa bure; lipia kazi zikianza kukulipa.

Tatu, huduma ikifungwa itakuwaje? Mwaka 2009 Yahoo iliifunga GeoCities, na mamilioni ya kurasa za watu zikaondoka. Chagua huduma inayokuruhusu kupakua kazi zako zote, kama WordPress.com na Blogger, na bado weka nakala kwenye flashi na kwenye barua pepe.

Nne, inafunguka kwenye simu ya kawaida yenye bando dogo? Picha kumi nzito za tembo hazimsaidii mhariri kujua kama unajua kuandika.

Sasa tuje kwenye swali gumu: uweke nini? Kazi tatu au nne nzuri zinatosha. Usiandike "Ngorongoro inavutia sana". Hata asiyefika anaweza kusema hivyo. Andika kwamba eneo hilo liliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1979 kwa sababu za asili, na mwaka 2010 zikaongezwa za utamaduni, kisha umweleze mgeni habari za Olduvai na nyayo za Laetoli.

Lakini Ngorongoro si kreta tu. Tangu Juni 2022 familia zimehama kutoka hifadhini kwenda Msomera, Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wapo wakazi na watetezi wa haki wanaopinga. Ukiwa na makala nzuri juu ya jambo hilo, uiweke karibu na maelezo ya vyumba vya loji? Wenzangu wengine wanasema ifiche, utafukuza wateja. Mimi nasema iweke, katika sehemu yake: "Kazi za biashara" huku, "Makala" kule. Meneja atafungua anachotaka, mhariri naye hivyo hivyo. Potifolio inayoficha kazi yako bora inamtangaza mtu mwingine.

Ila kuwa makini. Maelezo uliyoyaandika kwa malipo, muombe mteja ruhusa kabla ya kuyaonyesha. Ukipiga picha mzee wa Kihadzabe kule Eyasi, muombe yeye kwanza. Na ukiona ukurasa wako unageuka kuwa wa kutoa habari kila siku, soma kanuni za TCRA za maudhui ya mtandaoni. Zilitoka mwaka 2018 na zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo tafuta toleo la sasa.

Wiki hii chagua kazi tatu, zihariri, kisha mpe rafiki asiyesoma kozi yako afungue ukurasa kwa simu yake. Baada ya dakika mbili muulize: "Huyu mtu anaandika nini?" Akikosa jibu, rudi ukapange upya.