Kuvuka Vilima vya Shimba Wakati wa Masika: Mwongozo kwa Kundi la Marafiki

Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Juni, ukisimama Ukunda asubuhi ukatazama bara, mara nyingi Vilima vya Shimba huvioni. Wingu limevikalia. Wenyeji wa pwani wengi watakwambia ungoje Julai, njia zikauke. Ushauri huo unamfaa mtu mwenye siku moja na gari dogo. Kwa kundi la marafiki wenye siku tatu, magari yanayofaa na subira, masika ndiyo majira yenyewe. Nyasi zimechipua, mito inanguruma, vyumba Diani vimeshuka bei, na hifadhini mnaweza kuzunguka saa nzima bila kupishana na gari jingine. Nchi za baridi marafiki hupita milimani theluji ikianza kuyeyuka, wakiwa na minyororo ya kufunga kwenye magurudumu. Kwale tuna tope na ukungu, navyo vinadai heshima ileile.

Kuna sharti moja, na mwongozo huu wote unasimama juu yake: ratiba ipangwe na njia. Kundi linaloondoka Diani likiwa limeapa kufika mahali fulani saa fulani ndilo linalolala porini.

Hatua ya kwanza: hesabuni magari kabla ya kuhesabu watu

Nendeni na magari mawili. Gari moja likizama, la pili linalivuta. Gari lililo peke yake likizama, linasubiri huruma ya mpita njia, na masika wapita njia ni wachache. Angalau moja liwe linalovuta kwa magurudumu yote manne, na yote mawili yawe yameinuka kutoka ardhini. Probox ni gari jasiri, limebeba nusu ya maisha ya Kwale, lakini siku hizi tatu liacheni nyumbani.

Kila gari liwe na madereva wawili, maana kuendesha kwenye tope kunachosha mikono na macho kuliko mnavyodhani. Mchagueni mweka hazina mmoja, mchango wote upitie kwake. Na kama katika marafiki zenu yuko anayesema Kidigo au Kiduruma, mwekeni gari la mbele. Atakapomuuliza mzee wa Mkongani hali ya daraja kwa lugha ya mzee mwenyewe, jibu litakuwa refu zaidi na la kweli zaidi.

Hatua ya pili: lipeni mkiwa na mtandao

Ada ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills hulipwa kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kupitia eCitizen. Viwango hubadilika, kwa hiyo viangalieni wiki hiyohiyo mnayosafiri. Lipeni mkiwa Ukunda au mjini Kwale, kisha hifadhini picha ya risiti kwenye simu mbili, kwa sababu huko juu mtandao huja na kuondoka. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Bebeni pia noti ndogondogo. M-Pesa haifanyi kazi kwa kijana aliyesimama na jembe kando ya tope ikiwa simu yake na yenu zote hazina mawimbi.

Hatua ya tatu: vifaa

Kamba nene ya kuvutia gari yenye ndoano imara, beleshi, panga, jeki pamoja na kipande cha ubao mpana cha kuiwekea chini (bila ubao jeki itazama tu), spea nzima, pampu ya upepo, na kipimo cha upepo wa tairi. Tochi za kichwani, mafuta ya kujaza, na maji ya kunywa lita tano kwa kila mtu. Sweta ni lazima: kilele cha vilima kiko zaidi ya mita 400 juu ya bahari, na usiku wa masika huko mtu wa Diani hutetemeka. Chandarua na dawa ya mbu pia ni lazima. Malaria Kwale ipo, na hupanda mvua zinapopanda.

Nguo ziwe za rangi ya udongo au majani makavu. Nyeusi na buluu ziacheni, kwa sababu Shimba kuna mbung'o, na mbung'o hufuata rangi hizo.

Hatua ya nne: pandeni mapema

Wanaotoka Mombasa wanaweza kuvuka kwa feri ya Likoni, au kupitia barabara ya Dongo Kundu inayotokea upande wa kusini bila kungoja feri. Wa Diani wanatoka Ukunda kuelekea kaskazini. Wote wanakutana Kombani, hapo barabara inakata kulia kwa anayetoka Likoni, kushoto kwa anayetoka Ukunda, na kuanza kupanda kuelekea Kwale.

Mji wa Kwale ndio mwisho wa uhakika. Jazeni mafuta, pimeni tairi, kunyweni chai na mahamri kwa mbaazi. Kisha ulizeni. Waulizeni watu wa boda kwanza, maana wao wamepita njia hizo jana jioni. Ikiwa ni Ijumaa, jueni kwamba saa ya sala ya mchana maduka mengi hufungwa. Hakikisheni saa tatu asubuhi mmeshatoka mjini, ili shida yoyote iwakute mchana, msije mkasukuma gari gizani.

Hatua ya tano: ukungu

Barabara ya Kwale kwenda Kinango inapita ndani ya hifadhi yenyewe, na ndovu huivuka wakati wowote bila kutoa taarifa. Asubuhi ya masika wingu hulala juu yake, na mtu haoni hata mwisho wa boneti. Washeni taa za chini. Taa kali hugonga ukungu na kuwarudia machoni. Gari la pili likae nyuma kiasi cha kuona taa nyekundu za la kwanza, lisizidi hapo. Zimeni redio na teremsheni vioo, kwa sababu kwenye ukungu masikio hutangulia macho. Tawi likivunjika, punguzeni mwendo hadi mwendo wa mtu anayetembea.

Ndovu akitokea, simameni mbali. Msipige honi, msiwashe taa na kuzima, na asitoke mtu. Akitanua masikio na kuwageukia, rudini nyuma polepole huku uso wa gari ukimwelekea. Mara nyingi ataangalia tu, atavuta nyasi, ataondoka. Kuweni waangalifu zaidi mkiona mtoto: mama na mashangazi zake wako karibu hata kama hamwaoni. Jua likipasua wingu, pandisheni vioo upesi, maana mbung'o nao huamka.

Hatua ya sita: tope

Hapa ndipo safari hufaulu au hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mzijue kwanza tabia za udongo. Juu kwenye vilima, ardhi ina mchanga mwingi, imetokana na mawe ya mchanga ya kale. Maji huyanyonya haraka, na saa mbili baada ya mvua kubwa njia inaweza kuwa inapitika. Mkiteremka upande wa Kinango mnaingia mfinyanzi. Mfinyanzi ukilowa huwa na tabia yake: hujipaka kwenye tairi, mzunguko baada ya mzunguko, hadi meno yote yanajaa na tairi linakuwa laini pande zote. Hapo usukani mnaukata kushoto na gari linaendelea mbele. Mkiona meno ya tairi yamepotea, simameni kwenye majani au changarawe, mkwangue kwa panga, ndipo mwendelee. Kazi hiyo ya dakika kumi huokoa saa tatu.

Kabla ya kuingia sehemu mbaya, simameni. Mmoja ashuke, ikiwa mko nje ya hifadhi, aipite kwa miguu akiwa na fimbo. Fimbo ikizama hadi kiwiko, tafuteni njia nyingine. Ikigota, ingieni. Magurudumu yote manne yaanze kuvuta kabla ya kuingia, gia ndogo, mwendo mmoja usiobadilika. Msibadilishe gia katikati, msikanyage breki. Gari likianza kuteleza, achieni mafuta kidogo na mwelekeze usukani kule sehemu ya nyuma inakokimbilia. Magurudumu yakianza kuzunguka bila kusonga, acheni mara moja. Kila mzunguko wa ziada ni kuchimba kaburi la gari. Punguzeni upepo wa tairi kidogo ili zipanuke, tieni matawi makavu na mawe mbele ya magurudumu yanayovuta, kisha jaribuni taratibu. Mkishatoka, jazeni upepo tena kabla ya kushika lami.

Watakuja vijana wenye majembe. Pokeeni msaada wao kwa heshima. Salimianeni kwanza, kubalianeni malipo kabla ya jembe la kwanza, na mlipe bila kupunguza. Tope hilo ni barabara yao ya kwenda shule na hospitali mwaka mzima.

Kuhusu maji yanayokwenda kasi juu ya daraja au barabara, sina ushauri wa ufundi. Msiingie. Ketini chini, kuleni, mngoje yashuke. Mito ya vilima hivi hujaa ghafla na hupungua upesi vilevile. Yasiposhuka, geuzeni.

Hatua ya saba: maporomoko ya Sheldrick

Zungukeni kwanza na gari. Tafuteni palahala kwenye uwanda wa nyasi: Shimba ndipo mahali pekee nchini Kenya wanapoishi porini. Dume ni mweusi, tumbo jeupe, pembe zimejikunja nyuma hadi karibu kugusa mgongo, na kwenye nyasi mbichi za masika huonekana kutoka mbali sana. Wingu likifunguka, simameni Giriama Point mtazame chini. Bahari iko pale.

Maporomoko hufikiwa kwa miguu, mwendo wa kilomita mbili hivi, mkiongozwa na askari wa KWS mwenye bunduki. Mwombeni langoni mnapoingia. Maji huanguka zaidi ya mita 20, na masika huanguka kwa nguvu ambayo wageni wa Agosti hawaijui. Njia ya kwenda ni mteremko, hivyo ya kurudi ni mlima na udongo umelowa. Vaeni viatu vyenye meno, si ndara. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye mchovu kuliko wote. Askari atawaambia hivyohivyo.

Hatua ya nane: mlale juu

Wengi hushuka Diani jioni. Nawasihi msishuke. Kuna mabanda ya KWS na viwanja vya kupigia mahema ndani ya hifadhi. Pigeni hema mahali palipoinuka, mlango usielekee upande wa kusi, na chakula chote kifungiwe ndani ya gari. Matunda hemani ni mwaliko kwa ndovu. Pikeni mapema, kitu cha sufuria moja, maana kuni zimelowa: bebeni makaa au jiko la gesi.

Hatua ya tisa: Mwaluganje, kama njia inaruhusu

Kaskazini ya Shimba iko Hifadhi ya Ndovu ya Mwaluganje. Ardhi hiyo ni ya Wadigo na Waduruma, wenye mashamba ambayo ndovu walikuwa wakiyamaliza. Miaka ya 1990 waliunganisha mashamba yao yawe hifadhi, ili wapate chao kutokana na ada za wageni. Mzigo wa ndovu hapa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2005 KWS iliwahamisha zaidi ya ndovu 100 kutoka Shimba kwenda Tsavo Mashariki. Kwa hiyo ada mnayolipa Mwaluganje ni fidia ya mahindi ambayo hayakupandwa. Ilipeni hata kama mvua itawaruhusu saa moja tu.

Hatua ya kumi: teremkeni Msambweni

Siku ya tatu, njia ya kupendeza ni kutoka Kwale kupitia Mkongani na eneo la makazi la Shimba Hills, mteremkie upande wa Milalani na Msambweni. Mtapita minazi, mikorosho, miembe na mashamba ya miwa. Ikiwa mvua imenyesha usiku kucha, au watu wa Mkongani wamekunja uso mlipouliza, rudini Kombani kwa lami mzunguke Ukunda. Mtafika Msambweni mchana uleule. Kama kuna aliyeumia au ana homa, hospitali ya rufaa ya Msambweni iko palepale mjini.

Gazi ipo njiani. Hapo kikundi cha wanawake kimejenga daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko, na kijiji hicho ndicho cha Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013 wa kulinda mikoko na kuuza hewa ukaa, mapato yakirudi kwenye maji na shule. Mto Mkurumudzi unaomwaga maji yake hapo unatoka vilimani mlikolala. Agizeni chakula kwa simu mapema: wali wa nazi, samaki na mchicha hupikwa kwa kuagizwa.

Mkitaka kumalizia Kaya Kinondo, nendeni na mwongoza njia wa kaya, vaeni kaniki mtakayopewa, msichume hata jani. Msitu huo ni sehemu ya Misitu ya Kaya za Wamijikenda iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini kwa wazee wake ni mahali pa ibada. Hilo ndilo mlizingatie.

Hatua ya mwisho: hesabu na gari

Mweka hazina asome hesabu mkiwa bado mmekaa mezani, kila mwenye deni alilipe kabla ya kuinuka. Kesho yake mpeleke magari yaoshwe chini, si bodi peke yake. Mfinyanzi hukauka nyuma ya breki ukawa jiwe, nao hausikiki mpaka mmekanyaga kwa haraka barabara ya Diani mbega anapovuka. Breki zikikwaruza baada ya kuoshwa, fundi azifungue siku hiyohiyo.